Kutazama Ndege Mida na Sabaki: Ulizia Maji Kwanza

Mara ya kwanza kwenda kutazama ndege katika hori ya Mida, karibu na Watamu, nilifika alfajiri kama nilivyozoea msituni, nikakuta maji yamekupwa kabisa na ndege wametawanyika mbali kwenye tope, wadogo kama punje za pilipili manga hata kwa darubini. Nilirudi bila kumtambua hata mmoja. Tangu siku hiyo huwauliza wavuvi maji yatajaa wakati gani, nikafika mapema, yanapoanza tu kupanda, kwa kuwa maji yenyewe ndiyo huwasukuma ndege polepole kuelekea mikokoni. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, usishuke topeni. Tumia daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko.

Msimu ninaoupenda kuliko yote ni Agosti na Septemba, kiangazi cha kaskazini kinapoisha na pepo za kusi zinapoanza kupungua huku kwetu. Miongoni mwa vitwitwi, ndege wanaotafuta chakula topeni, wanaotoka kuzaa Siberia, wakubwa hutangulia, na ukiwatazama kwa utulivu utaona vifuani mwao mabaka ya rangi ya matofali, mabaki ya manyoya ya msimu wa kuzaa. Watoto wao hufuata baadaye, katika njia ambayo hawajawahi kuipita. Mwaka jana kitwitwi mmoja, mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, alimkamata kaa mbele yangu, akakimbia naye hadi ukingoni mwa maji, akamwosha tope, ndipo akammeza.

Kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, nenda alasiri, kwa sababu bahari iko mashariki na jua litakuwa mgongoni mwako. Mwezi wa Agosti hapo hukutana wageni wa pande mbili: vitwitwi wanaowasili, na ndege wa Madagaska wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, ambao wamepitisha kipupwe cha kwao hapa na wanakaribia kurudi kuzaa. Mtoni mna viboko, kwa hiyo tafuta mwenyeji akuongoze.

Nakusihi pia usiwakaribie ndege waliopumzika kwenye fungu la mchanga. Wengine wamesafiri maelfu ya kilomita na wamebaki mifupa na manyoya. Ukiona wameinua vichwa kwa pamoja, simama hapo hapo, na wakianza kutembea, rudi nyuma taratibu.