Muulize Kocha: Nikifanya mazoezi na wanaolipwa, nitahesabiwa nimelipwa?

SWALI: Shikamoo kocha. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Daraja la Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) hapa Marekani kwa ufadhili wa riadha, nakimbia mita 5,000. Kikundi cha wanariadha wa kulipwa kimenialika niungane nao Flagstaff, Arizona, kwa wiki sita za likizo, Julai na Agosti. Wana nyumba, chumba kimoja kiko wazi, wanasema nisilipe kitu. Meneja wao ameongeza kwamba Agosti naweza kuwa sungura, yaani mwongoza kasi, kwenye mbio moja, nipate "posho kidogo". Ninayeishi naye bwenini anasema nikikanyaga tu uwanja mmoja na watu wa kulipwa, chuo kitanifuta. Rafiki mwingine anasema sheria hizo zilishakufa, siku hizi wanafunzi wanalipwa mamilioni. Nimsikilize nani? Na je, nitaweza kufuatana nao?
— Msichana wa mizunguko kumi na miwili na nusu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wote wawili wamekupotosha, ila huyo wa mamilioni ndiye wa kumwogopa zaidi, maana maneno yake yana ukweli nusu.

Tuanze na wa bwenini. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, hakijakukataza kukimbia bega kwa bega na mtu anayelipwa. Mazoezi ni mazoezi, mradi hulipwi, husaini mkataba na huingii mashindanoni kwa niaba ya timu yao. Hata kushindana dhidi yao ni ruhusa: ukijiandikisha mbio za wazi kwa nauli yako ukamkuta bingwa wa dunia amesimama mstari mmoja na wewe, kimbia naye. Kuvaa fulana ya kikundi chake ndiko kunakoleta kesi. Tena jambo lenyewe ni la kawaida kabisa. Grant Holloway, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 2024, alianza kulipwa mwaka 2019 lakini akabaki palepale Florida chini ya kocha wake wa chuo, Mike Holloway (majina tu, si ndugu). Kocha mmoja, wanafunzi na mabingwa. Hakuna mwanafunzi anayefutwa kwa sababu hiyo.

Sasa chumba cha bure. Hapo nimekunja uso. Nyumba hiyo hailipiwi na hao dada unaokimbia nao. Aghalabu ni kampuni inayowadhamini, na wewe umepewa kitanda kwa sababu ya miguu yako. Kwa jicho la kanuni hiyo inaweza kuwa faida uliyopewa kwa ajili ya kipaji, sawa na kupewa pesa mkononi. Uliza kodi ya nyumba ni kiasi gani, gawanya kwa idadi ya vichwa, lipa fungu lako na uweke risiti. Chakula hivyohivyo. Viatu je? Kama timu ya chuo chako inavalishwa na kampuni nyingine, usivipokee kabla ya kumuuliza kocha wako.

Posho ya usungura ndiyo iliyonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine zote. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi huko, maskini wa kutupwa, na rafiki yangu wa kulipwa akaniomba nimwongozee kasi kilomita tatu za mwanzo. Nikakimbia, nikatoka pembeni, nikapewa bahasha: dola 300. Sikujiona mtu wa kulipwa hata kidogo, maana hata mstari wa mwisho sikuuona! Septemba afisa wa kanuni wa chuo akaniita, ana jina langu kwenye karatasi ya waandaaji. Pesa yenyewe nilishaituma nyumbani. Nikaambiwa nitoe kiasi kilekile kwa shirika la hisani, nikakaa benchi mbio tatu za nyika. Nililipa kwa kufanya kazi ya kukusanya taulo maktabani, na usiniulize taulo zinafanya nini maktaba. Sungura anayelipwa amelipwa kwa kukimbia, hata akikimbia mzunguko mmoja.

Usidhani kwamba ukali huo ulikwisha na ujana wangu. Reese Brantmeier, mchezaji tenisi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alipata zawadi ya karibu dola 49,000 kwenye US Open ya 2021 akiwa bado hajaingia chuo, na ikambidi aiache sehemu kubwa ili aweze kuchezea chuo. Mwaka 2024 aliishtaki NCAA kwa hilo.

Ndipo tunarudi kwa rafiki yako wa mamilioni. Ni kweli, tangu Julai 2021 mwanafunzi anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, kwa mfano kwenye tangazo. Na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kugawia wanamichezo pesa, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa inakwenda kwa futiboli ya Kimarekani na kikapu, lakini tuyaache hayo. Kulipwa kwa sura ni kitu kimoja, kulipwa kwa kukimbia mbio za watu wengine ni kingine. Halafu wewe si raia wa huko. Kama uko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kazi ya malipo nje ya chuo imebanwa sana, na idara ya uhamiaji haijali NCAA imelegeza nini. Kwa hiyo una milango miwili ya kubisha: afisa wa kanuni, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Bisha yote miwili kabla ya Julai, kwa maandishi, na majibu uyatunze.

Kuhusu yule meneja: kama pia ni wakala, msalimie kwa heshima na uishie hapo. Ahadi ya mdomo kwamba "ukimaliza chuo nitakuwakilisha" inahesabika kama karatasi iliyosainiwa. Asikununulie hata chakula cha jioni.

Na kufuatana nao? Wiki ya kwanza hutaweza. Flagstaff iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na pumzi itakuishia kwenye kilima ambacho wao wanakipanda wakipiga soga. Kimbia taratibu siku saba au nane, ruka mazoezi ya kasi, kunywa maji, kisha ingia kwenye mizunguko ya mita 1,000 ukiwa wa mwisho mstarini. Kaa hapohapo nyuma.