Maswali ya Wasomaji: Hifadhi mpya ufukweni, na "ndiyo" ya kijiji

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Kijijini kwetu, mwambao wa Ziwa Tanganyika, walikuja maofisa kusema msitu ulio juu ya kijiji pamoja na ufukwe vinapendekezwa kuwa hifadhi. Mkutano uliitwa saa tatu asubuhi, waliokuwepo wakanyoosha mikono, ikaandikwa wananchi wameridhia. Wavuvi wengi walikuwa usingizini. Je, maoni ya namna hiyo yana nguvu?
Mvuvi wa dagaa, Uvinza

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza ulizeni ni hifadhi ya aina gani. Ikiwa ni Hifadhi ya Taifa, kama Gombe ya mwaka 1968 au Mahale ya mwaka 1985, ndani yake hakuna kuishi, kulima, kuchunga wala kukata kuni. Mpaka wa Mahale unaingia hata ziwani kwa kilometa 1.6, na humo havuliwi samaki. Ikiwa ni msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ardhi inabaki yenu, kamati yenu ndiyo inayolinda, na masharti mnayatunga wenyewe kwa sheria ndogo. Na kama kinachotafutwa ni kulinda mazalia ya samaki tu, BMU yenu, yaani kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi ufukweni, inaweza kupendekeza eneo lisilovuliwa bila shamba la mtu kuguswa. Aliyenyoosha mkono kwa neno "hifadhi" peke yake bado hajaulizwa chochote.

Kuhusu nguvu ya maoni yenu, shikeni kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ya hifadhi kabla tangazo halijatoka kwenye Gazeti la Serikali na kufikishwa kwa halmashauri ya kijiji, likitaja mahali, ukubwa na sababu, na kutoa siku zisizopungua 90. Eneo lisilozidi hekta 250, yaani ekari kama 618, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anayeamua ni Waziri, lakini baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huohuo. Fidia nayo lazima ikubaliwe kabla ardhi haijahama. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano wenu una uzito mkubwa, na ndiyo sababu haufai kuandikwa kwa haraka.

Sasa saa ya mkutano, ambapo ndipo mengi huharibika. Siku za giza, usiku usipokuwa na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao usiku kucha, asubuhi wanalala. Saa hizohizo akina mama wako mchangani au kwenye chanja, wanaanika na kugeuza, kwa sababu dagaa mbichi akikosa jua la asubuhi anaanza kulainika na bei inaporomoka. Mkutano wa saa tatu asubuhi wakati wa giza unawaacha nje walewale wanaoishi kwa ule ufukwe. Ombeni uitwe siku za mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika, saa kumi jioni, dagaa wakiwa wameshaanuliwa.

Wiki moja kabla, pitieni vitongoji. Kama kijiji kina kaya 300, chukueni orodha na mtembelee kila kaya ya tano, mtapata 60. Ongeeni na mke na mume kila mmoja peke yake, maana mwenye mtumbwi na mwanika dagaa hawapotezi kitu kilekile. Msiulize "Unapenda mazingira yatunzwe?" Nani atasema hapana? Ulizeni kwa vitu: kuni utapata wapi, dagaa utaanika wapi, njia ya kwenda ziwani ikifungwa utapita wapi, na kati ya aina zile tatu za hifadhi unachagua ipi au hutaki yoyote.

Siku ya mkutano, kura iwe ya siri. Mkono ukinyooshwa mbele ya mgeni mwenye gari la serikali, jirani hufuata jirani. Na karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kabisa "Mahudhurio tu". Karatasi iliyosainiwa kwa ajili ya posho isije ikabanwa nyuma ya ripoti ikasomwa kama ridhaa. Muhtasari utaje idadi ya waliokubali, waliokataa na masharti yao, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, na nakala ibaki kijijini.

SWALI: Mpaka unaopendekezwa kwetu umeandikwa "hadi ukingo wa maji". Kuna ubaya?
Msomaji, Kigoma Vijijini

JIBU: Upo, mkubwa. Ziwa hili lilipopanda miaka ya 2020 na 2021 lilimeza fukwe na kuingia kwenye nyumba. Mpaka wa namna hiyo unatembea na maji. Daini namba za nukta, yaani zile za GPS zinazoonyesha mahali, kwa kila kona, kisha nendeni na simu mkasimame penye kona hizo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa kupima mahali uitwao Arc 1960, wakati simu inasoma mfumo mwingine, WGS 84, na nukta ileile ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili tofauti inakaribia mita 300. Kwenye mwambao mwembamba hilo ni shamba zima la michikichi. Mwulizeni mpimaji ametumia mfumo upi, na jibu lake liandikwe pembeni ya ramani kabla mwenyekiti hajasaini.