Sanduku la Pandora lilikuwa kasiki

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimenifika, na swali lako nimekaa nalo tangu juzi. Unasema ulipoomba daftari la hesabu za chama chenu likaguliwe, mzee mmoja alikukatiza: "Tusije tukafungua sanduku la Pandora." Watu wakanyamaza, nawe ukarudi nyumbani hujui umeambiwa nini.

Kwanza, halikuwa sanduku. Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyesimulia kisa hiki yapata miaka 700 kabla ya Kristo, alitaja pithos, chombo cha udongo cha kuwekea nafaka, mafuta au divai. Unalikumbuka kasiki la bibi yako pale uani, ulilokuwa ukijinyoosha kwa ncha za vidole ili uchote maji? Hilo ni dogo. Yaliyofukuliwa Knossos, kisiwani Krete, mengine yanampita mtu kwa kimo. Sanduku lilikuja na msomi Erasmus wa Rotterdam, aliyekiandika kisa kwa Kilatini mwaka 1508 akaweka pyxis, yaani kijaluba.

Kisa chenyewe ni hiki. Prometheus aliiba moto wa Zeus, mfalme wa miungu ya Kigiriki, akauficha ndani ya bua, akawapelekea wanadamu. Zeus akalipiza kwa zawadi. Miungu wenzake wakamsaidia: Hephaistos akafinyanga mwanamke kwa udongo na maji, Athena akamvisha, Hermes akamtia sauti na maneno ya hila. Akaitwa Pandora, akapelekwa kwa Epimetheus, nduguye Prometheus. Huyo alikwisha kuonywa asipokee chochote cha Zeus, akapokea. Jina lake maana yake ni mwenye kufikiri baadaye. Majuto mjukuu, tungesema sisi. Pandora akafunua kifuniko, mabaya yote yakatawanyika duniani. Kilichobaki, chini ya ukingo wa kasiki, ni tumaini peke yake.

Ndipo watu wakapata msemo: kulifungua sanduku la Pandora ni kuanzisha jambo ambalo balaa zake hazirudishiki tena.

Lakini Hesiod anasema kitu kingine, na mimi nakipenda kuliko vyote. Maradhi yaliyotoka mle huwajia watu usiku na mchana kimya kimya, kwa kuwa Zeus aliyanyang'anya sauti. Hapo ndipo ninapomkatalia mzee wenu, pamoja na mvi zake. Kama pesa zimetoka, zilitoka zamani, na aliyefunua kasiki ni aliyezichukua. Wewe unataka tu kilichokwisha kutoka kisikike. Kukuita Pandora kwa hilo ni kukuonea, mwanangu, na imeniuma.

Kikao kijacho liombe tena lile daftari. Mwamkie mzee kwanza, shikamoo yake umpe kama kawaida, usipandishe sauti. Na zile risiti zako za michango uende nazo, zipangwe kwa mwezi.

Mama yako