Mbwa wa Kuishi Nae Ghorofani: Maswali Yenu na Majibu

Maswali ya mbwa wa kwenye fleti yamekuja mengi kweli safari hii, mengine yanafanana, kwahiyo nimechukua matano. Kama lako halipo soma tu, nadhani jibu lako utalikuta humu humu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi fleti ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, hamna uwanja wala kauwa kokote. Tunataka mbwa wetu wa kwanza. Dada yangu anasema ukiwa fleti chukua mbwa mdogo tu hutapata shida, na sisi tumempenda sana Jack Russell, ni kadogo, kazuri, halafu kana akili. Tukamchukue? – Mama wa Ghorofa ya Tatu

JIBU: Marahaba mama. Naomba msimchukue kwanza, nisikilizeni.

Udogo wa mbwa ndio unaowaponza watu wengi sana wa maghorofani. Huyo Jack Russell jina lake limetokana na mchungaji wa kanisa wa huko Uingereza, John Russell, karne ya 19, alikuwa anapenda mno kuwinda mbweha, akazalisha mbwa wa kwenda nae mawindoni, mbwa wa kukimbia kutwa nzima na mbweha akiingia shimoni nae anamfuata huko huko chini, anabweka mpaka mbweha atoke. Ule udogo alipewa ili apenye shimoni. Nguvu ya kukimbia, hamu ya kuchimba, ile kubweka bila kuchoka, vyote bado viko kwenye damu yake, hata azaliwe kwenye nyumba yenye lifti.

Nimeshaitwa kwenye fleti moja ambapo Jack Russell alikuwa anaachwa peke yake asubuhi mpaka jioni. Mlango wa kuingilia pale chini kabisa ulikuwa umekwanguliwa rangi yote imetoka, mbao imebaki mifereji mifereji, na kwenye kona ya zulia nyuzi zimevutwa mpaka sakafu inaonekana. Nikamshika miguu ya mbele nikakuta kucha zimelika, mbili zina damu. Wenyewe wananiambia mwalimu huyu ni mtukutu sana mfundishe adabu. Jamani mbwa yule alikuwa anafanya kazi aliyozalishiwa, shimo tu ndio hana, na nilimuonea huruma kwasababu adabu anayo ya kutosha, alichokosa ni kutolewa nje akimbie.

Kwahiyo mama kabla hujauliza mbwa ana urefu gani, uliza babu zake walizalishwa wafanye nini kutwa. Ukianza hapo mambo mengi yanageuka. Chukua Greyhound, mbwa mrefu, miguu kama fito, akikimbia anafika karibu kilomita 70 kwa saa, mtu akimuona anasema huyu anahitaji shamba zima. Lakini kazi yake ilikuwa kutimka kwa kasi muda mfupi tu basi, akimaliza amemaliza, ndani ya nyumba analala sehemu kubwa ya siku na wengi wao hawabweki hovyo. Anataka matembezi ya kila siku, kamba isimtoke mkononi mwako maana akiona paka kaondoka, na kitanda laini kwasababu mwili wake hauna mafuta, mifupa inamuuma sakafuni. Hata Great Dane, yule mkubwa kama ndama, wengi ni wapole sana ndani. Shida ya Great Dane kwenye ghorofa ni nyingine kabisa, akiumwa au akizeeka nani atambeba ngazi zote hizo, na pia maisha yake ni mafupi, miaka 7 mpaka 10 mara nyingi.

Upande wa pili wako wale ambao umbo lao linaonekana linaingia fleti ila kazi yao hapana. Border Collie ni mchunga kondoo, akikosa kondoo atachunga watoto wako, atachunga baiskeli, atachunga hata vivuli ukutani. Husky ni wa kuvuta sleji, kile kigari kisicho na magurudumu, barafuni, na analia kama mbwa mwitu, jengo zima litasikia. Beagle anaongozwa na pua, akipata harufu masikio yanafunga, halafu sauti yake ilizalishwa isikike mbali porini.

Kwenu nyinyi mnaoanza, ningewaambia mtazame Bichon Frise, Malta, au Poodle wale wadogo. Bichon na Malta kwa karne nyingi kazi yao imekuwa kukaa na watu majumbani, na hicho ndicho mnachomtafutia. Poodle ana asili ya kuwinda bata majini kwahiyo akili yake ni kali, mchezeshe michezo ya kutafuta na kufikiri la sivyo anachoka na kuanza vituko. Wote watatu manyoya yao hayaachi kuota, kuchana ni karibu kila siku na kinyozi wa mbwa ni kila baada ya wiki kadhaa, hiyo gharama muiweke kwenye hesabu kabla, sio baada. Na hata hawa lazima washuke chini watembee, wanuse, waone mbwa wenzao. Roshani haihesabiki kama matembezi.

Alafu kabla ya yote soma mkataba wa nyumba. Majengo mengine yanakataza mbwa kabisa, mengine yanaweka kikomo cha uzito au yanataja mbegu fulani fulani. Pata ruhusa kwa maandishi, mwenye nyumba kukubali kwa mdomo haitoshi.

SWALI: Mwalimu habari, majirani zangu ukuta ni mwembamba hata simu yao nasikia ikiita. Nimesikia kuna mbwa anaitwa Basenji habweki kabisa. Huyo si ndio dawa yangu? – Jirani Mstaarabu

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Ni kweli Basenji, mbwa mwenye asili ya huko Kongo, habweki kama mbwa wengine, koo lake limeumbika tofauti kidogo. Ila bubu sio. Anatoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anaimba milimani, anaweza kulia kwa uchungu ukimuacha, na mara moja moja anabweka pia. Halafu ni mbwa wa kuwinda, mwepesi, anaparamia vitu, akichoshwa na upweke anakufumulia nyumba kimya kimya. Ana sifa nzuri ya usafi, anajilamba kama paka na hana harufu kali, ila kwa mtu asiyezoea mbwa ni mgumu.

Mi nakuomba uangalie jambo la kelele kwa upande mwingine. Mbwa wa fleti anabweka kwa sababu ambazo nyingi unaweza kuzishika: anasikia nyayo kwenye korido, lifti inafunguka, anaona watu dirishani, au amebaki peke yake na anaogopa. Hii ya mwisho ndio nzito na ndio inayoleta barua ya malalamiko. Siku za mwanzo mbwa akifika usimuache ghafla ukaenda kazini kutwa. Toka mlangoni, rudi kabla hajaanza kulia, toka tena, ongeza muda kidogo kidogo mpaka aone kutoka kwako ni kitu cha kawaida kama kuwasha taa. Acha simu ya zamani ikirekodi sauti ukiwa nje, maana wewe hujui mbwa wako anafanya nini ukiwa haupo, jirani ndio anajua. Na ongea na jirani mapema, mwambie naleta mbwa, nitamfundisha, akikusumbua niambie mimi kwanza.

SWALI: Mimi nimeshaamua French Bulldog, nimeona kila mahali, mtulivu, mdogo, habweki sana. Nataka tu uniambie rangi gani nzuri. – Kijana wa Chumba Kimoja

JIBU: Kaka rangi niache kwanza, na utanisamehe hapa nitaongea sana.

Unachosema kuhusu tabia ni kweli. Ni mcheshi, anapenda watu, hahitaji kukimbia sana, na ndio maana amependwa mno, Marekani mwaka 2022 aliongoza orodha ya mbwa waliosajiliwa akamshusha Labrador aliyekuwa juu miaka 31 mfululizo. Lakini huyu mbwa amefupishwa pua miaka na miaka mpaka nyama za ndani ya mdomo zimebaki nyingi kuliko nafasi. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma juu ya mdomo, ni refu linaziba njia ya hewa, matundu ya pua yamebana, na hapo ndipo unasikia ule mkoromo ambao watu wanaurekodi video wanacheka. Ule mkoromo ni mnyama anatafuta pumzi.

Na kumbuka mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema. Sasa mwenye njia ya hewa iliyobana atapoa vipi? Kwenye fleti ya juu yenye jua la mchana, madirisha yamefungwa kwasababu umeenda kazini, joto likipanda anaweza kufa na wewe uko ofisini. Hata ngazi mbili tatu kwenye joto zinamtesa. Mashirika mengi ya ndege yanakataa kubeba mbwa wa pua fupi sehemu ya mizigo kwasababu hiyo hiyo. Wengi wao hawawezi kuzaa wenyewe, ni upasuaji, vichwa vya watoto ni vikubwa na nyonga za mama ni nyembamba. Pug yuko kwenye mkumbo huo, na Shih Tzu pia kwa kiasi chake.

Kama moyo hautoki kwake basi fanya hivi. Nenda ukawaone wazazi wote wawili, wachezeshe kama dakika kumi alafu kaa kimya usikilize. Wakipumua kwa sauti wakiwa wamelala tu, ondoka. Tazama matundu ya pua, yawe wazi, yasiwe kama mstari. Chagua mwenye pua iliyochomoza zaidi kuliko wenzake hata kama muuzaji anasifia yule bapa. Na muuzaji anayekutajia rangi adimu kwanza kabla ya afya, mi simuamini, anauza rangi. Naongea kwa ukali kwasababu nimewaona hawa mbwa wakizimia kwenye matembezi ya kawaida kabisa, ulimi umegeuka zambarau, mwenye mbwa anapiga kelele hajui ashike wapi.

Usije ukadhani ni pua tu. Cavalier King Charles ana roho nzuri kuliko karibu mbwa wote wa fleti ninaowajua ila ugonjwa wa vali ya moyo umemkamata vibaya, mpaka mahakama ya juu ya Norway mwaka 2023 ilizuia kuendelea kumzalisha huko. Dachshund, yule mrefu mwenye miguu mifupi, ana mgongo unaopata hitilafu ya diski, kwahiyo kuruka kochi na kupanda ngazi kila siku ni hatari kwake, mwenye fleti isiyo na lifti ambebe au atafute mwingine.

SWALI: Mtoto wangu ana mzio, anapiga chafya. Kuna mbwa asiye na mzio kabisa? – Baba Mwenye Wasiwasi

JIBU: Hayupo, baba. Kinacholeta mzio kiko kwenye mate, mba za ngozi na mkojo, na kila mbwa anavyo, hata asiyepukutika manyoya. Poodle na Bichon wanamwaga manyoya kidogo kwahiyo watu wengine wanawavumilia vizuri, wengine hapana. Mpeleke mtoto akakae na mbwa mwenyewe mnayemtaka, zaidi ya mara moja, kwenye nyumba anayoishi huyo mbwa, na muongee na daktari wa mtoto kabla hamjaahidi chochote. Kumrudisha mbwa mtoto akishampenda ni maumivu kwa wote wawili.

SWALI: Mwalimu mimi naishi peke yangu ghorofa ya nane, natoka saa mbili asubuhi narudi saa kumi na moja jioni. Nataka mtoto wa mbwa nimlee mwenyewe toka mdogo. Mbegu yoyote, nisaidie tu. – Dada wa Nane

JIBU: Dada nimependa ulivyosema ukweli kuhusu masaa yako, wengi wanayaficha. Kwa ratiba hiyo mtoto wa mbwa usichukue, wa mbegu yoyote ile. Mtoto wa miezi 2 anabana mkojo kama masaa matatu hivi, hesabu ya kukadiria ni umri wake kwa miezi jumlisha moja, na wewe haupo masaa tisa. Kutoka ghorofa ya nane mpaka chini hata ukiwepo ni mbio na lifti haimsubiri. Pia kipindi cha kumzoesha dunia ni kifupi, kuanzia kama wiki ya 3 mpaka ya 14, hapo ndio anatakiwa akutane na watu, sauti, lifti, magari, huku chanjo bado hazijakamilika kwahiyo unambeba mikononi unamuonyesha bila kumuweka chini penye mbwa wengi. Hiyo ni kazi ya mtu anayeshinda nyumbani.

Chukua mbwa mzima, wa miaka mitatu kwenda juu, kutoka kwenye kituo cha kulea mbwa walioachwa. Hata kama hana mbegu inayojulikana haina shida, chotara wengi ni watulivu na tabia yake ya utu uzima unaiona hapo hapo kwa macho, hukisii kama kwa mtoto. Mhudumu wa pale umuulize maswali ya fleti hasa: akiachwa peke yake anafanyaje, nyayo zikipita mlangoni anafanyaje, amewahi kupanda lifti, ngazi anazikubali? Omba umtembeze nje mara mbili, siku tofauti. Angalia anavyotulia baada ya matembezi, akijilaza mwenyewe ndani ya dakika chache hiyo ni dalili nzuri.

Na ukimpata, tafuta mtu wa kumtoa mchana, jirani mstaafu au mtembeza mbwa wa kulipwa, kabla hujamleta nyumbani. Kwenye roshani weka wavu kwenye vyuma vyote vya chini, mbwa mdogo anapita kwenye nafasi ambayo wewe unaona haipitiki. Wiki ya kwanza omba likizo kama unaweza, umuonyeshe njia ya kwenda chooni ile ile kila siku, mlango ule ule, kona ile ile, na lifti muipande wakati haina watu kwanza.