Maswali yenu: shairi likiingia kwenye video

Habari za kazi mhariri. Mimi naandika mashairi na watu wanasifia sana sauti yangu, nikaona nianze kutengeneza video kwa simu. Nikitaja mvua naweka mvua, nikitaja machozi naweka mtu analia, nikitaja njia naweka njia. Lakini nikiangalia mwenyewe nachoka kabla ubeti wa pili haujaisha. Tatizo ni kamera au ni shairi? (Mshairi chipukizi)

Si kamera wala si shairi, ndugu yangu. Hapo unamwambia mtazamaji kitu kimoja mara mbili kwa wakati mmoja, sikio limeshapata mvua, jicho nalo linaletewa mvua ileile, sasa yeye abaki na kazi gani? Shairi linaishi kwa yale anayojazia msomaji mwenyewe, ukishamjazia kila nafasi umemfukuza.

Kuna filamu ya Mrusi Andrei Tarkovsky, Kioo, ya mwaka 1975. Baba yake mzazi, Arseny Tarkovsky, alikuwa mshairi, na ndani ya filamu ile anasoma mashairi yake kwa sauti yake mwenyewe. Shairi mojawapo linasimulia furaha ya wapendanao kila walipokutana, ila ukitazama picha humwoni mpenzi yeyote, unamwona mwanamke aliyeachwa, amekaa dirishani na machozi. Yaani sauti inataja kilichokuwepo na picha inaonyesha kilichobaki, huzuni inazaliwa hapo katikati bila mtu yeyote kutangaza kwamba hii ni huzuni. Kwangu mimi hakuna somo zuri kuliko hilo kwa mtu anayetaka kulipeleka shairi kwenye skrini.

Kwa hiyo kabla hujashuti, jiulize anayeyasema maneno haya, wakati anayasema, macho yake yako wapi? Anayeongea habari ya mvua anaweza kuwa anatazama viatu vya mtu aliyeondoka, viko mlangoni bado. Basi rekodi viatu, uviache vikae. Watu wanaogopa picha kukaa, wanadhani mtazamaji atakimbia, kumbe akiwa anasikiliza maneno mazito sekunde 20 kwenye picha moja si nyingi hata kidogo.

Halafu kuna suala la kuediti, hapa ndo wengi wanaliua shairi bila kujua. Kama unaandika tarbia ya mizani 16, kila mshororo una pumziko lake baada ya mizani 8 na sikio la msikilizaji linalisubiri. Sasa mtu anakata picha palepale kwenye kina, kila kina, kila mshororo, mpaka video inadunda kama saa ya ukutani. Rekodi sauti kwanza, isikilize umefumba macho, ujue unavuta pumzi wapi. Kisha acha picha ivuke lile pumziko la katikati na uikate utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, ukiwa umeshaanza, utaona maneno yanavyopata uhai. Na kama shairi lina kibwagizo, kila kikirudi rudisha picha ileile lakini na badiliko dogo, mwanga umepungua, kiatu kimoja hakipo.

Sisemi kufuata mapigo ni vibaya siku zote. Mwaka 1936 huko Uingereza ilitoka filamu fupi ya treni ya usiku ya kubeba barua, inaitwa Night Mail, mshairi W. H. Auden akaiandikia beti za mwisho, maneno yanakimbia na kupungua mwendo pamoja na treni. Pale inakubali kwa sababu mapigo yamo kwenye treni yenyewe, hayakubandikwa juu.

Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wakishaona muvi ya riwaya hawataki tena kufungua kitabu, wanasema tayari wanaijua hadithi. Nizipige marufuku?

Hapana mwalimu, usizipige marufuku. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa vitabu kabla ya kushika kamera, akaingia kwenye filamu kwa sababu wengi katika watu aliotaka kuongea nao hawakuweza kusoma vitabu vyake vya Kifaransa. Mandabi ya 1968 aliitoa kwenye hadithi yake mwenyewe, na humo wahusika wanaongea Kiwolof. Kwake filamu ilikuwa njia ya kuwafikia waliofungiwa nje ya kitabu.

Wewe badilisha mpangilio tu. Chagua ukurasa mmoja, wausome, kila mwanafunzi achore angeanza na picha gani, kamera ingekuwa mbali au karibu, nani asionekane, ndo muangalie ilivyofanywa na mtengeneza filamu. Watabishana, na kwenye kubishana lazima warudi kwenye ukurasa. Waulize pia filamu ingefanyaje na sentensi kama "kila jioni kwa miaka kumi alikuwa akimsubiri". Mwandishi kaimaliza kwa mstari mmoja, lakini kamera inaweza kuonyesha jioni moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwongozaji inabidi abuni namna ya kuzibeba zile nyingine zote. Hadithi kweli wanaijua, ila hiyo kazi hawajaiona.

Naruhusiwa kutumia shairi la mtu mwingine kwenye video yangu nikitaja jina lake?

Kutaja jina ni adabu njema lakini si ruhusa. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, zinailinda kazi kama hiyo kwa kawaida maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nyingi zimefika 70. Kama yu hai mwandikie umuombe, mweleze utaifanyia nini na kama utalipwa, na akikubali tunza hayo maandishi. Akiwa amefariki waulize warithi au mchapishaji. Na angalia sana tafsiri, maana mshairi anaweza kuwa alishafariki karne mbili zilizopita lakini mtafsiri wake bado ana haki zake, hata sauti ya msomaji uliyoipakua mahali nayo ina mwenyewe.