Kilo Moja, Mara Tatu

Wiki hii mmeuliza: mlo wa bei ghali kuliko yote uliowahi kulipia, ulistahili pesa zake? Mimi huchoma nyama Dagoretti, Nairobi, si mbali na machinjio, na huu ni mwaka wangu wa 19 nikiwa nyuma ya jiko. Mtu akinitajia bei ya nyama, kichwa changu huanza hesabu chenyewe. Mlo ninaousimulia ulinigharimu shilingi 15,400, mimi na mke wangu, katika mkahawa wa nyama wa mtindo wa Kikorea kule Westlands. Kwa pesa hizo mimi hununua mbuzi mzima mwenye mwili. Hata hivyo jibu langu ni ndiyo, zilistahili, na tangu usiku ule sichomi tena kama nilivyokuwa nikichoma.

Aliyetuita ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alisomea upishi, na kazi yake pale ni kuchoma nyama mezani, mbele ya wageni. Kwa miezi alinisumbua: "Mjomba, njoo uone wenzako wanavyochoma." Nami nilimjibu kila mara kwamba nyama ni nyama. Mwezi Julai, mke wangu alipotimiza miaka 50, nikaona sasa tuende.

Katikati ya kila meza pale pana tundu la duara lenye jiko dogo na wavu juu yake. Moshi hauinuki. Kandokando ya jiko kuna nafasi zinazouvuta chini, ukapita kwenye bomba lililo sakafuni. Mke wangu amefua nguo zenye harufu ya moshi miaka yote ya ndoa yetu, na usiku ule alitoka pale kitambaa chake cha kichwani kikinukia manukato yaleyale aliyokuja nayo. Alilitaja jambo hilo njia nzima.

Kabla ya nyama vililetwa visahani vidogo saba: figili, maharagwe yaliyochipua, mchicha uliotiwa mafuta ya ufuta, na vingine. Wakorea huviita banchan. Havilipiwi kimoja kimoja, na kikiisha huongezewa. Sahani iliyonishika ni ya kimchi, kabichi ya Kichina iliyotiwa chumvi, pilipili, vitunguu saumu na tangawizi, ikaachwa ichachuke. Bakteria wanaoichachusha ni wa jamii moja na wale wanaotupa maziwa lala na uji mchachu, kwa hiyo ulimi wangu haukuiona ngeni sana. Kule Korea, kabla ya baridi kali kuingia, jamaa na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi ya msimu mzima, na desturi hiyo, kimjang, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013. Kazi ya ule uchachu mezani ni kukata mafuta ya nyama. Kachumbari yetu imekuwa ikifanya kazi hiyohiyo, ila sisi huimwaga pembeni mwa ubao, ikaloa mafuta na kunywea kabla mtu hajaigusa.

Nyama zenyewe zina majina ambayo mpwa wangu alinifafanulia vizuri. Bulgogi ni maneno mawili, moto na nyama. Hukatwa nyembamba sana, ikalowekwa kwenye mchuzi wa soya, sukari, vitunguu saumu, mafuta ya ufuta na tunda la pea lililokwaruzwa, ambalo huilainisha. Galbi ni mbavu. Halafu kuna steki, na hapo ndipo mkahawa kama huu unapotofautiana na mikahawa ya kawaida ya Wakorea, kwa sababu umechukua steki nene ya Kimarekani ukaileta kwenye jiko la Kikorea. Aliniambia uliovumisha mtindo huo ni mkahawa wa New York uitwao COTE, uliofunguliwa na Simon Kim mwaka 2017 na kupata nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya mikahawa, muda mfupi baadaye.

Steki ilinitia wasiwasi. Karibu na mlango kuna kabati la kioo lenye mapande makubwa ya ng'ombe yaliyokauka nje yakawa karibu meusi, na kibao kinachosema yamekaa humo siku 30. Katika biashara yangu, nyama iliyolala ni lawama. Mteja akishuku imelala, anaondoka na marafiki zake wote. Nilimuuliza mpwa wangu kama kweli angempa mjomba wake nyama ya mwezi mzima. Akachuchumaa kando ya kiti changu akanieleza kwa utaratibu.

Ng'ombe akishachinjwa, misuli hukakamaa kwa saa kadhaa, kwa kuwa nguvu iliyokuwa ikiilegeza imekwisha. Baadaye vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuzikata nyuzi, ikalainika polepole. Kabati lina baridi ya nyuzijoto chache tu juu ya kuganda, na hewa inazunguka humo bila kusimama. Maji yanapungua, ladha inakolea. Lile ganda jeusi hukatwa likatupwa, kwa hiyo kinachofika mezani ni kidogo kuliko kilichoingia kabatini, na mteja analipia pia kile kilichopotea. Nusu ya hayo nilikuwa nikiyajua kwa mikono. Ng'ombe wa asubuhi akichomwa adhuhuri, huchosha taya hata uchome kwa ustadi gani. Lakini naomba mwenzangu yeyote wa bucha anayesoma hapa asijaribu kwenye friji ya kawaida, inayofunguliwa kila dakika, katika mtaa ambao umeme hukatika. Nyama itaoza, na atawadhuru watu.

Kisha mpwa wangu akachoma. Alisugua wavu kwa kipande cha mafuta ya ng'ombe, akaweka vipande vinne. Vinne tu, kwa watu wawili, na sahani ya nyama mbichi ikiwa imejaa pembeni. Aliacha upande wa kwanza ukapata rangi ya kahawia yenyewe, hakuubonyeza wala kuuchezea, akageuza kwa koleo, akakata kwa mkasi kukingama nyuzi. Nilikuwa nikitazama mikono yake. Ni mikono iliyofunzwa. Hakuna kipande kilichokaa motoni sekunde zaidi ya haja.

Kipande cha kwanza alinipa mimi, kwa mikono miwili. Kwa Wakorea mdogo humpa mkubwa kwa mikono miwili, na mkubwa ndiye anayeanza kula. Alifundishwa hivyo kazini, lakini marehemu mama yangu alikuwa amekwisha kumfundisha hayo akiwa mtoto wa miaka minne, kijijini, kwenye kigoda. Kwetu mbuzi akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe: wazee wana chao, akina mama wana chao, wavulana waliochunga wana chao. Nilipoipokea ile nyama nilimkumbuka mama, na nilishukuru kwamba binti huyu anapata riziki kwa adabu aliyoikuta nyumbani.

Unachukua jani la saladi kiganjani, unaweka nyama, kipande cha kitunguu saumu, na tone la ssamjang, mchanganyiko mzito wa soya iliyochachushwa na pilipili. Unakunja, unatia mdomoni kwa mara moja. Mtu aliyezoea kumega ugali, kuubonyeza kwa kidole gumba na kuuchotea mchuzi hahitaji kufundishwa mara mbili.

Jambo lililonifanya nisiujutie mlo ule ni hili. Tulikula kwa zaidi ya saa moja, na kila kipande kilichoingia kinywani kilikuwa cha moto, kimetoka kwenye wavu dakika hiyohiyo. Cha kwanza kilikuwa hivyo na cha mwisho kilikuwa hivyo.

Sasa fikirieni tunavyofanya sisi. Mteja anaagiza kilo mbili za mbuzi. Anangoja saa nzima. Mimi nachoma kwa uangalifu wote nilio nao, nalinda mbavu zisikauke, nasogeza mguu mbali na mwale. Kisha nabeba vyote kwa pamoja, navimwaga juu ya ubao, nakatakata mpaka mwisho, natia chumvi pembeni, naondoka. Robo saa baadaye watu bado wanazungumza, na mafuta ya mbuzi, ambayo hukaza haraka, yamekuwa meupe na yanang'ang'ania kwenye kaakaa. Nusu ya kazi yangu huliwa ikiwa baridi. Kwa miaka yote hiyo nilidhani kazi yangu inaishia kwenye jiko. Usiku ule niliona kwamba inaishia kinywani mwa mteja, na mengi huharibika katikati.

Yapo niliyoyakosa. Mifupa, kwanza. Steki haina cha kuguguna, na mimi naamini utamu wa mbuzi unakaa kwenye ule ukingo wa mbavu. Hakukuwa na supu kama yetu wala ugali. Kuna nyama nyingine yenye mafuta mengi yaliyotapakaa ndani ya msuli kama nyuzi nyeupe, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Vipande viwili vilinitosha, vya baada ya hapo vilinichosha. Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya Boran kutoka mashamba ya Laikipia, ng'ombe wa majani, aliyetokana na mifugo ya Waborana. Ina nyama hasa, unaitafuna na inakujibu.

Na hapo nikauliza: nundu iko wapi? Boran ana nundu. Kwangu wateja wanaojua huiagiza mapema kwa simu, kwa sababu ng'ombe mmoja ana moja tu. Ni msuli uliochanganyika na mafuta ndani kwa ndani, kama ile nyama yao ya bei ya juu, isipokuwa ina ukakamavu wa kutafuna. Ikikatwa nyembamba kama bulgogi na kuwekwa kwenye wavu ule wenye moto mkali, sioni nyama ya kuishinda. Mpishi mkuu alikuja mezani kutusalimia, nikamwambia. Alisikiliza, akaniuliza inakatwaje, akaandika.

Kuhusu bili, nina lawama. Risiti ilikuwa na VAT ya asilimia 16 na ushuru wa upishi wa asilimia 2, na hizo ni za serikali. Lakini iliongezwa pia asilimia 10 ya huduma ambayo menyu haikuitaja popote. Mgeni aandikiwe mapema, aamue akiwa anajua. Na mhudumu wa vinywaji alirudi mara tatu kutushawishi tuagize divai baada ya kumwambia tunakunywa chai. Mke wangu aliumia, na ilikuwa siku yake.

Nilirudi kazini Jumatatu nikajaribu. Mteja akiagiza kilo, nampelekea theluthi moja ikiwa inachuruzika, nyingine inabaki kwenye ukingo wa jiko penye joto la chini, na ya tatu bado inaiva. Siku ya kwanza karibu nigombane na watu. "Leta yote tuone!" Mmoja, mteja wangu wa miaka, aliniambia wazi kwamba anadhani nampunja. Nilikaa nikalifikiria sana hilo. Watu wanataka nyama yote mezani kwa sababu wamepunjwa mahali pengi, na macho ndiyo mizani wanayoiamini. Kule Westlands hakuna aliyehesabu vipande, kwa kuwa sahani ya nyama mbichi ilikuwa mezani tangu mwanzo, mbele ya kila mtu.

Basi nami nikahamisha mizani. Sasa iko mbele, upande wa mteja. Nyama inapimwa akiwa amesimama hapo, inagawanywa mafungu matatu kwenye sinia ikiwa mbichi, anayaona, na sinia lenye namba ya meza yake linakaa mahali anapoliona. Kachumbari inakwenda kwenye bakuli lake. Nimemfundisha kijana wangu asikate nyama mpaka watu wameshanawa mikono. Tunachoka zaidi, kwa sababu safari za kwenda mezani zimekuwa tatu badala ya moja, na Jumapili saa nane mchana ni vita. Wengine bado wanataka yote kwa pamoja, nami nawapa. Lakini ubao unarudi mtupu. Zamani ulirudi na vipande vilivyoganda, nikiwapa mbwa kazi niliyoianza saa kumi na moja asubuhi.

Yule aliyeniambia nampunja alikuja Jumamosi iliyopita na kaka yake kutoka Nyeri. Fungu la tatu lilipofika aliligusa kwa kidole, akamwambia kaka yake, "Shika, bado ina moto." Jana jioni mpwa wangu alinipigia. Mpishi wake anaomba nundu mbili za kujaribia Alhamisi, na ameniuliza nitamuuzia kilo kwa bei gani.