Kabla hujanunua mjini kati, gonga ukuta kwanza

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia kitu kimoja, kuhama kutoka pembezoni mwa jiji kwenda kwenye ile mitaa ya ndani, ya karibu na kati, ambayo bado watu wanaishi na sio maofisi matupu. Nimechagua sita. Majibu hayalingani urefu maana na maswali yenyewe hayalingani uzito.

Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba kubwa mbali na mjini, kwenda kazini tunatumia saa moja na nusu njiani na kurudi hivyo hivyo. Tumepata apatimenti ya vyumba viwili, nusu ya ukubwa wa tunapokaa, na bei yake kubwa. Ndugu wanasema tumechanganyikiwa. Ni kweli? – Mama wa mmoja

Marahaba mwanangu. Hamjachanganyikiwa, ila fanyeni hesabu kwanza ndo muwajibu hao ndugu. Tuseme mkihamia huko safari inakuwa nusu saa, kila mmoja ameokoa masaa mawili kwa siku, mara siku tano, mara wiki 48 za kazi, hayo ni masaa 480 kwa mwaka, yani siku 20 nzima usiku na mchana, mtu amekaa tu kwenye kiti cha gari. Mtoto wako kwa sasa anakuona saa ngapi? Mi hilo nalipa uzito kuliko chumba cha wageni kinachofunguliwa mara mbili kwa mwaka.

Lakini udogo nao msiuchukulie kirahisi. Chukueni futi kamba, pimeni kitanda, kabati, meza, mashine ya kufulia, alafu nendeni mkapime na kule, na upana wa mlango na wa ngazi pia maana kochi linaweza kuenea sebuleni na bado lisipite ngazini. Na kama mnaweza, pangeni kwanza kwenye mtaa huohuo miezi sita. Kodi ya miezi sita inauma, najua, ila kugundua baada ya kununua kwamba mtaa hauwafai kunauma zaidi manake gharama za kuuza na kununua tena zinakula vibaya mno.

Shangazi, nimeona apatimenti imepigwa rangi mpya, safi, na ada ya mwezi ya jengo ni ndogo kuliko majengo yote ya jirani. Dalali ananiambia harakisha kuna mtu mwingine anaitaka. Niulize nini? – Mwenye haraka

Mdogo wangu, hapo pa ada ndogo ndo pamenishtua. Watu wengi wanafurahia, mimi naogopa. Ukinunua nyumba yenye kiwanja chake paa likivuja ni lako na fundi ni wako. Ukinunua ndani ya jengo la watu wengi umenunua chumba chako pamoja na kipande cha paa, kipande cha lifti, cha mabomba, cha msingi, cha ukuta wa nje, na vipande vyote hivyo vinalipiwa na ile ada. Kumiliki ghorofani kwa hati yako mwenyewe kwenye nchi nyingi ni jambo la juzijuzi tu, jimbo la New South Wales kule Australia lilitunga sheria yake mwaka 1961 na nchi nyingi zikaja kuiga, na mpango wote unasimama juu ya mguu mmoja, kwamba wamiliki watachanga pesa ya kutosha mapema. Wasipochanga jengo linaendelea kuchakaa tu, halisubiri mtu awe na hela.

Nikueleze kitu kilichoninyima usingizi. Surfside, Florida, kule Marekani, kulikuwa na jengo la ghorofa 12 lenye apatimenti 136, lilijengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 injinia aliandika ripoti kwamba zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeharibika sana kwa sababu maji hayatoki inavyotakiwa. Wamiliki wakavutana kuhusu gharama, mfuko wa matengenezo ulikuwa hautoshi, mchango uliohitajika ulifika dola milioni 15 hivi, ukapitishwa mwaka 2021. Usiku wa tarehe 24 Juni mwaka huohuo sehemu kubwa ya jengo ikaanguka watu wamelala, wakafa 98. Sisemi jengo lako litaanguka. Nasema ile ripoti ilikuwepo kwenye makaratasi miaka mitatu kabla, na mtu yeyote aliyenunua hapo katikati angeweza kuomba kuisoma.

Kwahiyo omba. Omba mihtasari ya vikao vya wamiliki vya miaka mitatu iliyopita na usome yote hata kama inachosha, humo ndo utakuta "maji yanaingia ghorofa ya tano" inajirudia kikao baada ya kikao, humo utaona nani hawalipi ada, nani anamshitaki nani. Uliza mfuko wa matengenezo una shilingi ngapi leo, sio utakuwa na ngapi. Lifti ina miaka mingapi, paa lilifanyiwa kazi lini, bima ya jengo imelipwa mpaka lini na inafidia nini. Uliza apatimenti ngapi wanakaa wenye nazo na ngapi ni za wapangaji wa siku mbili tatu, maana jengo lililojaa wageni wa kupita ni vigumu kupata watu wa kuja kikaoni. Na kama kuna mchango mkubwa umeshapitishwa ila haujakusanywa, mkataba useme wazi ni muuzaji anaulipa au ni wewe.

Huyo mtu mwingine anayeitaka muache aitake. Muuzaji anayekunyima siku nne za kusoma makaratasi amekujibu tayari.

Kuna kelele kiasi gani kweli mjini? Tumeenda kuangalia mara mbili pametulia kabisa – Baba mapacha

Mlienda saa ngapi baba mapacha? Naomba uniambie haikuwa jumapili saa nne asubuhi, kwasababu mimi ndo nilienda jumapili saa nne asubuhi, nikaona miti, nikasikia ndege, nikasaini. Wiki ya kwanza nikajua gari la taka linapita saa kumi alfajiri chini ya dirisha langu, na nyuma ya jengo kuna mlango wa kushushia mizigo ambao wakati naoneshwa nyumba ulikuwa umefungwa, na aliyenionesha alikuwa anajua kwani nilikuja kuambiwa na mlinzi kwamba kila mpangaji aliyetoka alilalamikia hilohilo. Nilikaa pale miaka minne na sikuwahi kulala fofofo.

Nendeni ijumaa usiku, saa tano, saa sita. Nendeni jumatatu alfajiri. Mvua ikinyesha nendeni pia, mtaona maji yanatuama wapi. Simameni nje nusu saa bila kuongea. Alafu ndani zimeni kila kitu, fungeni madirisha, sikilizeni. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya lilishauri kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45, na hicho ni kipimo cha nje ya nyumba. Simu yako ina programu za kupima, hazina uhakika wa maabara ila zinakupa picha. Ila ujue desibeli hazihesabiki kama kilo, zikiongezeka 10 tu sikio linasikia kama kelele imekuwa mara mbili, kwahiyo 55 sio "kidogo tu zaidi" ya 45.

Na mgonge ukuta. Kweli, kwa kiungio cha kidole. Ukisikia kama ngoma tupu basi mtaijua ratiba ya jirani kuliko yeye mwenyewe. Sauti za watu kuongea ukuta mzito unazizuia, tatizo ni besi ya muziki na vishindo vya miguu juu yako, hivyo vinasafiri kwenye zege lenyewe na mazulia ya kwako hayasaidii, yanasaidia ya wa juu. Kwahiyo kama hela inaruhusu ghorofa ya mwisho, japo hapo mnarudi kwenye swali la paa. Madirisha mnaweza kubadilisha, hata kuziba tu nyufa za fremu kunasaidia sana, ila ukuta mliopakana na mtu hamwezi kuubadilisha. Kwa watoto mapacha mimi ningechagua chumba cha kulala kinachotazama uani hata kama sebule yote iko barabarani.

Paking ipo kwenye tangazo, naamini inatosha? – Kijana wa kwanza kununua

Hapana. Angalia kama hiyo paking iko kwenye hati yako au ni ruhusa tu ya kutumia, maana ruhusa inaweza kufutwa na kikao. Na peleka gari uingize, nimeona paking zenye nguzo zilizokaa vibaya, gari la kawaida halifungui mlango. Kama huna gari na usafiri wa umma upo karibu, usilipie kabisa.

Mimi na kaka yangu tunataka kununua pamoja kwa mkopo wa benki. Benki inatupa miaka 20, tukasema tuchukue mirefu ili rejesho liwe dogo. Tuko sawa? – Dada mtu

Dada, yapo mambo mawili hapo na yote mazito.

La mkopo kwanza. Chukua riba ya asilimia 10, isiyobadilika, ili tuhesabu vizuri. Kwa kila 100 mliyokopa, kwa miaka 20 mtarudisha kama 232. Kwa miaka 15 mtarudisha kama 193. Na rejesho la mwezi linapanda kutoka 0.97 kwenda 1.07 tu kwa kila 100, yani nyongeza ya kama asilimia 11, kwa kufupisha deni miaka mitano. Watu hawaoni hilo kwasababu benki wanaanza na rejesho la mwezi na wengi wanaishia hapohapo. Jingine ni kwamba mwezi wa kwanza wa mkopo wa miaka 20, kwenye kila 965 mnayolipa, 833 ni riba na 132 tu ndo inapunguza deni. Ukiuza mwaka wa tatu utashangaa deni bado liko karibu palepale. Kwahiyo kama kipato chenu hakitabiriki chukueni 20 lakini hakikisheni mkataba unaruhusu kulipa zaidi bila faini, na mlipe zaidi kila mnapoweza.

La pili ni hati. Kwenye nchi nyingi zenye sheria zilizotoka Uingereza kuna kumiliki pamoja kwa namna mbili. Namna moja hakuna mwenye hisa yake, mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa aliye hai, moja kwa moja, wosia hauingii hapo. Namna ya pili kila mtu ana hisa yake imeandikwa, 50 kwa 50 au 70 kwa 30, na hisa inaenda kwa warithi wake. Kaka yako akiwa na mke na watoto, mkaandika ile ya kwanza bila kujua, siku akiondoka familia yake inabaki haina chochote na wewe utaonekana umewadhulumu wakati hukupanga. Nimeshuhudia ukoo umegawanyika kwa kitu hiki hiki na wote walikuwa watu wema. Kaeni na wakili, sio wa muuzaji, wa kwenu, na muandike pia mmoja akitaka kutoka nyumba itathaminiwa na nani na mwenzake atapewa muda gani wa kumnunua.

Nyumba tuliyoipenda ni ya zamani, na ndani kuna mpangaji mzee amekaa miaka mingi. Muuzaji anasema atamtoa kabla hatujalipa. Mke wangu anafuraha, mi roho inaniuma. – Mnunuzi

Kaka yangu, nashukuru umeandika na isikuache hiyo roho. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliandika kuhusu London, jinsi mitaa ya wafanyakazi ilivyokuwa inachukuliwa mmoja mmoja na watu wa kipato cha kati, mpaka wenyeji wa mwanzo wote au karibu wote wanakuwa wameondoka, na yeye ndo aliyeleta neno jentrifikesheni. Miaka sitini sasa na bado inakwenda hivyohivyo, nyumba moja, mpangaji mmoja.

Wewe hutauzuia mji mzima. Ila huyu mmoja unaweza kumtendea haki. Usimwachie muuzaji kazi hiyo. Omba uone mkataba wa upangaji, maana sehemu nyingi mkataba unafuata nyumba, ukinunua nyumba umeununua na mkataba, na mpangaji aliyetolewa kinyume cha sheria anaweza kuja kukudai wewe. Kama hamna haraka ya kuhamia, nunueni yeye akiwa ndani aendelee kulipa kodi. Kama mnahitaji kuhamia, mpeni muda mrefu kuliko sheria inavyodai na gharama za kuhama wekeni kwenye bajeti yenu kama mnavyoweka za wakili.

Na kwakuwa nyumba ni ya zamani, kabla ya kubomoa chochote mwite mtu apime rangi na dari. Rangi yenye madini ya risasi Marekani waliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yanachanganywa kwenye dari na paa, Australia wameizuia kabisa tangu mwisho wa 2003, kwahiyo nyumba za kabla ya hapo, huko na kwingine, zinaweza kuwa navyo vyote, na hatari inaanza pale fundi anapokata na kukwangua vumbi likaruka.

Alafu nenda ukagonge mlango wa huyo mzee, wewe mwenyewe, bila dalali. Mwambie ukweli kwamba mnafikiria kununua na hamjaamua, muulize yeye anataka nini, umsikilize mpaka amalize. Ukimaliza hayo yake muulize habari za nyumba, mvua kubwa ya mwisho maji yaliingilia upande gani. Fundi wako atakagua saa moja, yeye ameishi humo miaka yote hiyo.